Kilichotuama Chini: Hadubini na Mkojo wa Dar es Salaam

Katikati ya mwaka 1897 alishuka Dar es Salaam daktari ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma dunia nzima. Robert Koch alikuwa akitokea India, alikokwenda kuchunguza tauni ya Bombay, na sasa alitakiwa kuangalia maradhi yaliyokuwa yakiangamiza watu na mifugo katika koloni la Wajerumani. Mji ulikuwa mdogo, umejibana kando ya bandari. Huko tunakokuita leo Kinondoni na Temeke kulikuwa na vijiji, minazi, mihogo na mabonde ya maji. Hospitali ya Ocean Road ilikamilika mwaka huohuo, ikiwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na yao, iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kiismaili aliyefariki Februari 1897 bila kuona ilivyokuja kukua hadi jina lake likabandikwa kwenye jengo la wodi kule Muhimbili.

Mojawapo ya maradhi yaliyomshughulisha Koch ni homa ya mkojo mweusi. Mgonjwa, mara nyingi ofisa au mlowezi aliyeishi pwani kwa muda, alishikwa na baridi kali, macho yakageuka manjano, kisha akakojoa maji ya rangi ya kahawa. Wengi walikufa. Yeyote aliyeuona mkojo ule kwa macho matupu angesema ni damu. Lakini mkojo ule ukiachwa utuame, na tone la chini likawekwa chini ya hadubini, jambo la ajabu hujitokeza: chembe nyekundu za damu ni chache mno au hakuna kabisa. Kuna punje za rangi ya kutu na vipande virefu vya umbo la mrija, navyo vimepakwa rangi hiyohiyo. Damu haikuvuja kutoka kwenye kidonda. Chembe zimepasukia ndani ya mishipa, na rangi yake, yaani himoglobini, ndiyo iliyochujwa na figo ikatoka.

Koch alipima damu za wagonjwa hao akitafuta vijidudu vya malaria, na mara nyingi hakuvikuta. Alipouliza walichokunywa kabla ya kuzidiwa, jibu lilikuwa kwinini. Akahitimisha kwamba homa ya mkojo mweusi ni sumu ya kwinini, akaandika hivyo katika ripoti zake za safari zilizochapishwa Berlin mwaka 1898. Madaktari wa makoloni walimpinga vikali, na ubishi ule haukwisha upesi. Leo tunajua kwamba alishika nusu ya ukweli. Malaria kali pamoja na kwinini iliyotumiwa kwa kukatizakatiza ndivyo vilivyopasua chembe, na upo pia upungufu wa kurithi wa kimeng'enya cha G6PD, uliotambuliwa mwaka 1956, ambao huwafanya baadhi ya watu chembe zao zipasuke wakila dawa fulani. Kwangu mimi uzito wa kisa hiki uko kwenye tone lile la chini. Rangi ya mkojo ilidanganya kila mtu. Mashapo ndiyo yaliyosema kwamba hapa hakuna kidonda.

Kutazama mashapo lilikuwa jambo la miaka 60 tu wakati huo. Mjini Paris, kati ya 1837 na 1838, Pierre Rayer na mwanafunzi wake Eugène Vigla waliufanya uchunguzi wa mkojo kwa hadubini kuwa kazi ya kila siku ya wodi, si mchezo wa wadadisi. Walieleza chembe za damu, za usaha, fuwele za aina kwa aina. Miaka michache baadaye, Mjerumani Jakob Henle alieleza ile mirija, ambayo wataalamu wa maabara huiita kasti. Ni protini iliyogandia ndani ya vijirija vya figo, ikachukua umbo lake, kisha ikasukumwa nje na mkojo. Ukikuta kasti yenye chembe nyekundu ndani yake, unajua damu imetoka ndani ya figo yenyewe, si kwenye kibofu wala njia ya chini. Hakuna kipimo kingine cha bei nafuu namna hiyo kinachokuonyesha damu imetokea wapi. Zamani waliuacha mkojo kwenye bilauri iliyochongoka chini hadi siku ya pili. Mwishoni mwa karne ya 19 ikaja sentrifuji ya kuzungusha kwa mkono, na kungoja kukapungua hadi dakika chache.

Pwani yetu ilikuwa na mkojo mwekundu wa aina nyingine, wa zamani zaidi, ambao haukuwaua maofisa na kwa hiyo haukuandikiwa ripoti nyingi. Watoto wa mabondeni walikojoa damu kwenye tone la mwisho. Kikawa kitu cha kawaida. Sehemu nyingi za Afrika watu walichukulia kuwa mvulana anayekojoa damu anakua. Hicho ndicho kichocho. Theodor Bilharz, tabibu kijana wa Kijerumani, alimkuta mnyoo wake mwaka 1851 alipokuwa akipasua maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini, Cairo, akayaona na mayai yake. Hadi leo yai lile ndilo kitu rahisi kukitambua kuliko vyote katika mashapo. Lina urefu wa takriban sehemu 110 hadi 170 za elfu ya milimita, wakati chembe nyekundu ya damu haifiki hata 8. Limechongoka upande mmoja kwa mwiba mfupi. Ndani yake, likiwa hai, kiluwiluwi kinacheza. Aliyeliona mara moja hahitaji kufundishwa tena.

Njia ya mnyoo kuingia mwilini ilichelewa kujulikana. Wajapani Miyairi na Suzuki walionyesha mwaka 1913 kwamba kichocho cha kwao hupitia kwa konokono, na mwaka 1915 Robert Leiper akathibitisha hivyohivyo Misri, kisha akatenganisha aina mbili za Afrika: ile ya tumbo, ambayo yai lake lina mwiba ubavuni, na ile ya mkojo, yenye mwiba mwishoni. Konokono wa ile ya mkojo ni wa jamii ya Bulinus. Hukaa kwenye maji yaliyotulia, madimbwi, mitaro, kingo za mito yenye majani, na kiangazi kikikausha dimbwi hujichimbia topeni wakangoja mvua. Ramani ya Dar es Salaam, ukiitazama kwa jicho la konokono huyo, ni nzuri mno: Msimbazi unaoshuka kutoka vilima vya Pugu, Sinza, Mlalakuwa, Tegeta, Kizinga na Mzinga upande wa Mbagala, na katikati yake mashimo ya mchanga, majaruba ya mpunga na bustani za mchicha zinazomwagiliwa kwa ndoo.

Uzito wa ugonjwa wenyewe ulichelewa kukubalika, na hapa nataka kukaa kidogo, maana kazi iliyovunja uzembe huo ilifanyika kwetu. Katika miaka ya 1960 madaktari wengi waliamini kichocho cha mkojo ni usumbufu tu. Kuna damu kidogo, mtoto anacheza, anaendelea na shule, basi. D. M. Forsyth na G. Macdonald walikwenda shule ya Usagara huko Tanga, kisha shule ya Donge, Unguja, wakapima mikojo ya wanafunzi, halafu wakafanya jambo ambalo halikuzoeleka kwa watoto wanaotembea kwa miguu yao: wakawapiga eksirei za figo na kibofu. Matokeo ya Usagara yalichapishwa mwaka 1965, ya Donge mwaka 1966. Miongoni mwa watoto waliokaa darasani kama wenzao kulikuwa na vibofu vilivyojaa chokaa, mirija ya mkojo iliyobanwa na kuvimba, na figo zilizoanza kujaa maji kwa sababu mkojo haukupata njia. Kanda ya Ziwa, Forsyth na David Bradley walieleza madhara ya namna hiyohiyo katika taarifa ya mwaka 1966. Baada ya hapo hakuna mtu mwenye kusoma aliyeweza kusema ni damu tu.

Mwisho mbaya wa kichocho cha muda mrefu ni saratani ya kibofu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilimworodhesha mnyoo huyu mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Miaka miwili baadaye sheria ya Bunge ikaifanya Ocean Road kuwa taasisi ya saratani. Wagonjwa wa saratani ya kibofu kutoka pwani na bara hupokewa hapo kwa mionzi na dawa. Miongoni mwao huwamo mtu ambaye yai la mwiba lingeweza kuonekana kwenye mkojo wake akiwa darasa la tatu, na tembe chache zikammalizia ugonjwa.

Nasema tembe chache kwa sababu tangu miaka ya 1980 ipo prazikwanteli, iliyobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1970. Hunywewa kwa siku moja kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mwili, nayo imefuta sindano za zamani zilizokuwa zikiwatapisha na kuwadhoofisha wagonjwa. Tiba ikawa rahisi kuliko utambuzi. Nchi yenye shule maelfu haiwezi kupeleka hadubini kila mahali, na swali likawa: tutajuaje pa kuanzia?

Jibu moja lilitoka Kilosa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa kituo cha Ifakara, wakiwamo Christian Lengeler, Don de Savigny, Hassan Mshinda na Marcel Tanner, walipeleka karatasi za maswali kwa walimu kupitia ofisi ya elimu ya wilaya. Mwalimu aliwauliza watoto mmoja mmoja kuhusu maradhi ya mwezi uliopita, na kati ya maswali mengi lilikuwamo la kichocho. Kisha majibu yakalinganishwa na vijiti vya kupimia damu kwenye mkojo na hesabu za mayai. Watoto walikuwa wanajua. Shule ambazo wengi walijitaja ndizo zilizokuwa na mayai mengi kwenye hadubini. Njia hiyo iliigwa nchi nyingi za Afrika katika miaka ya 1990, na mimi huona ni mojawapo ya kazi zenye heshima kubwa kuwahi kufanywa na afya ya jamii ya Tanzania, kwa kuwa ilimchukulia mtoto wa miaka kumi kuwa shahidi wa mwili wake mwenyewe.

Dar es Salaam wakati huo ilikuwa inafurika watu. Sensa ya 1978 iliukuta mkoa na watu 843,090. Ya 2012 ikaukuta na 4,364,541. Magomeni, Temeke, Ilala na Kinondoni, ambako Waingereza walikuwa wamejenga nyumba za wafanyakazi Waafrika, zilimezwa na mitaa iliyojijenga bila ramani hadi ukingoni mwa mito. Kwa muda mrefu kichocho kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa shamba: anayeonekana nacho mjini amekuja nacho kutoka Mwanza, Tanga au Rufiji. Mwaka 1985 Sarda, Simonsen na Mahikwano walichapisha katika jarida la Acta Tropica utafiti wao juu ya maambukizi ya kichocho cha mkojo ndani ya Dar es Salaam yenyewe. Mwaka 2001 Richard Ndyomugyenyi na Japhet Minjas wakarejea kwa wanafunzi wa jiji, wakichunguza pia yanayochochea maambukizi. Mtoto wa mjini alikuwa anaambukizwa mjini, njiani akitoka shule, kwenye maji aliyoogelea bila mama yake kujua.

Watafiti hao walikuwa na silaha ambayo dispensari ya mtaa haikuwa nayo, nayo ni muda. Kichocho kina saa zake. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, tena kwenye matone ya mwisho, na huongezeka mtoto akikimbiakimbia kwanza. Tangu katikati ya miaka ya 1970 kulikuwa na njia ya kupitisha mililita 10 za mkojo kwa bomba la sindano kwenye chujio lenye matundu madogo kuliko yai, kisha chujio likawekwa chini ya hadubini na mayai kuhesabiwa. Yakifika 50 au zaidi katika mililita 10, maambukizi huhesabiwa kuwa mazito. Sasa linganisha na mgonjwa anayepanga foleni saa moja asubuhi, anakojoa mkojo wa kwanza wa siku, anapimwa, anaambiwa hakuna kitu. Kipimo kimefanyika, ila saa imekosewa.

Mwaka 1991 palitokea badiliko ambalo wakazi wa Manzese, Tandika, Mbagala na Tegeta wanaliishi kila siku hata kama sheria yenyewe hawaijui. Tiba ya kibinafsi ya biashara, iliyopigwa marufuku mwaka 1977, iliruhusiwa tena. Mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza uchangiaji. Zahanati na maabara za mitaani zikachipuka kila kituo cha daladala, kiasi kwamba mwaka 1997 ikatungwa sheria ya kusimamia maabara binafsi za afya. Mama wa Mbagala hakulazimika tena kupanda mabasi mawili kwenda Temeke au Muhimbili kwa ajili ya kipimo cha mkojo, na faida hiyo ni kubwa. Lakini kipimo sasa kilikuwa na bei, bei ikaleta haraka, na mashapo hayapatani na haraka.

Tazama kazi yenyewe inavyotakiwa kufanywa. Mgonjwa apewe kikopo kisafi, aelekezwe kujisafisha, aache mkojo wa mwanzo uende, akinge wa katikati. Mkojo ufike mezani upesi na usomwe ndani ya saa mbili, kwa sababu joto la Dar es Salaam halisubiri. Bakteria huzaana kikoponi, mkojo hugeuka kuwa wa kialkali, chembe na kasti huyeyuka. Mililita 10 hivi ziingie kwenye sentrifuji kwa dakika 5, maji ya juu yamwagwe, kinachobaki kichanganywe kidogo, tone moja lidondoshwe kwenye slaidi na kufunikwa kwa kioo chembamba. Msomaji aanze na lenzi ndogo ili asiikose kasti pembezoni, kisha ahamie lenzi kubwa, ahesabu kwenye nyanja kumi na kuandika wastani. Umeme ukikatika, mkojo uachwe utuame saa nzima na tone livutwe kutoka chini kabisa. Ni robo saa ya mikono na macho kwa mgonjwa mmoja, na nje kuna wengine 40.

Ndipo zilipozaliwa njia za mkato. Mkojo haupitishwi kwenye sentrifuji. Mkojo wa saa tatu unasomwa saa saba. Slaidi inatazamwa kwa sekunde chache, chembe nne tano za usaha zinaonekana, na karatasi inarudi kwa daktari. Mgonjwa anatoka akisema ana mkojo mchafu. Watu wa Dar es Salaam wanaijua UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kama wanavyoijua malaria; inatajwa kwenye daladala, kwenye vikoba, saluni, na ikirudi mara tatu huitwa UTI sugu. Anayeugua homa yoyote hupimwa mkojo, na vichembe vichache vinatosha kumwandikia antibiotiki ya sipro au sindano za siku tano. Hakuna aliyeangalia kama slaidi ilijaa pia chembe bapa za ngozi ya sehemu za siri, dalili kwamba usaha ule haukutoka kwenye kibofu bali ulikingwa pamoja na uchafu wa njiani. Edward Kass wa Boston alipoweka mwaka 1956 kiwango cha bakteria 100,000 kwa mililita kuwa mpaka wa ugonjwa, alikuwa anapambana na tatizo hilihili: mkojo uliokingwa vibaya unamfanya mzima aonekane mgonjwa. Kuotesha mkojo kunamaliza ubishi, lakini majibu huchukua siku moja mbili, na maabara nyingi za mitaani hazioteshi.

Ipo namba inayonisaidia kulipima jambo hili. Mwaka 2008 Valérie D'Acremont, Mary Kilowoko na wenzao waliwafuatilia watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki Dar es Salaam na Ifakara, wakawapima kwa kila njia iliyokuwapo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Karibu theluthi mbili ya watoto hao walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, mengi yakitokana na virusi. Maambukizi ya njia ya mkojo yalikuwa asilimia 5.9, na malaria asilimia 10.5. Hao walikuwa watoto, wala siwezi kuhamishia namba hiyo kwa wanawake wa Kinondoni. Inatosha kuonyesha kwamba mkojo unapopimwa kwa uangalifu, UTI inakuwa ndogo kuliko inavyosikika mtaani, na mtoto wa namna hiyo anayepewa dawa ya bakteria kwa ajili ya virusi hafaidiki nayo.

Malaria ilipitia aibu kama hii na ikapata mkombozi. Utafiti wa Judith Kahama-Maro na wenzake, uliochapishwa 2011, ulikuta usomaji wa slaidi za malaria katika vituo vya Dar es Salaam ukiwa duni katika ngazi zote. Wakati huo kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa kinaingia vituoni, na tone la damu kwenye kaseti ndogo likachukua kazi ya jicho lililochoka. Mashapo ya mkojo hayana kaseti ya namna hiyo. Kijiti cha kuchovya huonyesha damu, protini, chembe nyeupe, naitraiti. Kijiti hakioni kasti, hakioni yai lenye mwiba, hakimwoni kijidudu wa trikomona akitapatapa, wala hakitofautishi damu ya kibofu na himoglobini ya chembe zilizopasuka. Ule mkojo wa kahawa wa mwaka 1897, ukichovywa kijiti leo, ungesomeka kuwa una damu.

Ninaowasikitikia zaidi katika habari hii ni wagonjwa wa figo. Mtu wa shinikizo la damu au kisukari huweza kuanza kuvujisha protini miaka mingi kabla ya kuvimba miguu. Mwaka 1979 Fairley na Birch, Australia, walionyesha kwamba hata umbo la chembe nyekundu linatoa habari: zilizopita kwenye vichujio vya figo hutoka zimekunjamana na kuvunjikavunjika, zilizotoka kibofuni hubaki za mviringo. Thomas Addis, Mskoti aliyefanya kazi California na aliyehesabu mashapo ya saa 12 kwa subira ya ajabu katika miaka ya 1920, alishikilia kwamba daktari anayetibu figo lazima atazame hadubini mwenyewe. Novemba 2017 Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, na ilikuwa siku ya fahari. Nyuma yake kuna vyumba vya usafishaji damu vinavyojaa. Huenda baadhi ya wanaokaa kwenye viti vile walipimwa mkojo mara kadhaa katika maisha yao, wakaambiwa ni UTI.

Kuhusu kichocho, nchi haikukaa bure. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 Tanzania ilijiunga na mpango uliosaidiwa na Imperial College ya London, na wanafunzi wakaanza kumezeshwa prazikwanteli shuleni, wakipimwa dozi kwa fimbo ya urefu badala ya mizani. Zanzibar ikaenda mbali zaidi. Kati ya 2011 na 2017 shehia 90, nusu Unguja na nusu Pemba, ziliingizwa katika jaribio la kukata kabisa maambukizi: dawa mara mbili kwa mwaka kwa wote, na katika baadhi ya shehia kuua konokono au kubadili mazoea ya watu majini. Mikojo ya watoto ilichujwa mililita 10 mwaka baada ya mwaka. Maambukizi mazito yakawa adimu, lakini kukatika kabisa hakukupatikana. Hapo tatizo jipya la hadubini likajitokeza. Mayai yanapokuwa machache sana, chujio moja la siku moja huyakosa, na mtoto mwenye minyoo michache hutajwa kuwa mzima. Kadiri ugonjwa unavyopungua, ndivyo jicho linavyotakiwa kutazama mara nyingi zaidi, ndiyo maana watafiti sasa wanapima pia chembechembe zinazotolewa na mnyoo mwenyewe kwenye mkojo.

Bara, jiji limeanza kugeuza bonde lake. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, kupanua mto, kujenga daraja jipya la Jangwani na kuwahamisha watu waliokuwa wakifurikiwa kila masika. Maji yakienda kasi, konokono huondoka. Yakitengenezewa madimbwi tulivu yenye majani ya kupendeza, huweza kurudi pamoja na watoto wa kuogelea. Vipimo vya mkondo wa mto havitaonyesha lipi kati ya hayo limetokea. Litaonekana kwenye mikojo ya wanafunzi wa Hananasif, Kigogo na Magomeni, ikikusanywa saa sita mchana, baada ya mchezo, na kusomwa na mtu aliyepewa nafasi ya kumaliza chujio zima.